Mwaliko wa Shughuli ya Vitabu

Tangazo lile nililiandika mara tisa kabla ya kuridhika, na hata hapo sikuridhika. Karatasi tu ziliniishia. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, sina kazi ya mshahara, nakaa kwa wazazi wangu Makupa, Mombasa, na kila asubuhi natembea hadi Mji wa Kale kujitolea katika chumba cha kusomea watoto. Muda wa kufikiri nilikuwa nao, tena mwingi kuliko unavyomfaa mtu kama mimi. Nikiandika "saa nane" peke yake, niliona huenda mtu akadhani ni ya usiku. Nikiongeza "mchana", niliona nawatukana watu, kana kwamba kuna mzazi asiyejua kwamba watoto hawaitwi kusoma vitabu saa nane za usiku. Neno "familia" nililitia, nikalitoa, nikalitia tena. Mwishowe lilisomeka hivi: Tamasha la Watoto, Familia na Vitabu. Watu wote, wa kila kabila na dini. Hakuna kiingilio. Jumamosi saa nane mchana.

Tamasha hilo ndilo lililokuwa tumaini letu la kubaki na chumba. Kilikuwa chumba cha chini katika nyumba ya zamani yenye kuta nene, kina madirisha mawili, mikeka, na rafu tatu za vitabu vilivyotoka huku na huku: vya Kiswahili, vya Kiingereza, vichache vya Kigujarati na vya Kiarabu. Walimu wastaafu wa mtaa walikianzisha, wakachoka, wakatuachia. Mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa mchele mwenye duka la jumla Bondeni. Alikuwa ametuazima chumba kwa mwaka mmoja, na mwaka ulikuwa umekwisha.

Jumatatu ya wiki ile alikuja akasimama kizingitini. Ndani mlikuwa na watoto watatu, na mmoja wao alikuwa amelala.

"Mwalimu," akaniambia, ingawa sijawahi kufundisha mtu, "watoto watatu. Chumba chote hiki."

Nikamweleza juu ya tamasha. Nilieleza kwa muda mrefu, nadhani, maana alianza kutazama saa yake.

"Vyema," akasema. "Jumamosi nitakuja niangalie. Nikiona mtaa wawataka, kaeni. Nikiona hauwataki, siku hiyo hiyo natia magunia yangu. Usinione mbaya."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioninyima usingizi. Angenifokea ningepata la kumlaumu.

Nilibandika matangazo kuanzia kwetu hadi Bondeni. Jumatano ilifika na hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza chochote. Nilianza kupiga hesabu ya kila sababu inayoweza kumzuia mtu kuja: joto, mechi ya kandanda, harusi, rangi ya wino. Mwenzangu chumbani alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa mtaa ule, ambaye nilimwita mama kama nilivyowaita wanawake wote wa rika lake. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango na kufagia, kisha kukaa akisuka ukili wa mikeka huku watoto wanasoma kwa sauti. Mtoto akikosea alimsahihisha bila kuinua kichwa.

"Mama," nikamwuliza, "waonaje, watu watakuja?"

"Kuja wapi?"

"Tamashani. Jumamosi."

"Kwani umewaalika?"

"Nimebandika matangazo mpaka Bondeni. Umeyaona."

"Nimeyaona. Hata tangazo la dawa ya mende nimeliona, ubavuni pake. Sikwenda popote."

Nilidhani ananitania. Akaweka ukili chini akanitazama, na nikaona uso wake umejaa huruma, ile huruma ambayo mtu humpa mgeni aliyevaa nguo nje ndani.

Huo ndio wakati nilipoelezwa jambo ambalo kila msichana wa pale alilijua kabla ya kuota meno. Shughuli ya wanawake haitangazwi. Iwe harusi, iwe maulidi, iwe kumtoa mtoto nje, anatumwa mwanamke apite nyumba kwa nyumba, apige hodi, aseme ametumwa na nani, lini, na saa ngapi. Aliyeambiwa ameambiwa. Asiyeambiwa haendi, hata kama ngoma inapigwa ukuta kwa ukuta na chumba chake cha kulala, maana kwenda bila kualikwa ni kujishusha. Tena yeye mwenyewe, mwenzangu huyu niliyekaa naye miezi minane, ndiye aliyekuwa akitumwa kualika karibu kila harusi ya mtaa. Mimi nimezaliwa kisiwani Mombasa, nimesoma na watoto wa Mji wa Kale dawati moja, na nimekaa chuoni nikisoma mila za watu wa visiwa ambavyo siwezi hata kuvionyesha kwenye ramani. Hili sikulijua. Kwetu Makupa, shughuli inatangazwa kanisani na mwenye masikio amealikwa.

"Basi twende tukaalike," nikasema.

"Tuseme tumetumwa na nani?"

"Na chumba cha kusomea."

"Chumba hakitumi mtu. Shughuli ina mwenyewe. Hini mwenyewe nani?"

"Ni ya watu wote, mama."

"Ikiwa ni ya watu wote, basi hata mimi ni mwenyewe. Na mimi Jumamosi nataka kulala."

Niliwafikiria walimu wastaafu. Wote walikuwa wanaume, na mmoja hasikii vizuri. Nilifikiria kutaja kamati, lakini kamati ilikuwa mimi na yeye. Mwenye shughuli, alivyonieleza, ndiye anayesemwa chakula kikipungua, ndiye anayesemwa watu wasipokuja. Maisha yangu yote nilikuwa nimejipanga nisiwe mtu huyo.

"Ni mimi," nikasema.

"Nani?"

"Mimi. Mwenye shughuli ni mimi."

"Wewe? Huna mume, huna mtoto, shughuli ya nini?" Akaniangalia juu hadi chini. "Mama unaye?"

"Ninaye."

"Alhamdulillahi. Basi ni yako na ya mamako. Mwambie Jumamosi akae mlangoni apokee wageni. Na watu hawaondoki midomo mitupu. Afanye mahamri."

"Mama, sisi ni Wakristo. Huenda watu wasi..."

"Mahamri hayana dini."

Jioni nilimkuta mama yangu kwenye cherehani, akishona sare za shule. Mama ni mtu wa Rabai, mwimbaji wa kwaya, na katika miaka yake yote kisiwani alikuwa ameingia Mji wa Kale kununua vitambaa tu na kutoka.

"Nikae mlangoni kwa watu?" akasema. "Niseme nini?"

"Useme karibuni."

"Na wao watasema, huyu naye katoka shamba gani?"

"Hawatasema."

"Wewe wajuaje? Mpaka leo asubuhi ulikuwa hujui hata kualika." Akazungusha gurudumu la cherehani, akalisimamisha. "Na chakula changu watakula?"

Nikamweleza alivyosema mwenzangu kuhusu mahamri.

"Mahamri yake yeye labda," akasema mama. "Yangu yana iliki nyingi, hayo yana dini." Lakini kesho yake niliona amenunua unga.

Alhamisi na Ijumaa tulialika. Mwenzangu alinifunga leso mabegani, akaniambia nisitembee kama mtu anayekimbiza basi. Kwenye mlango wa kwanza alipiga hodi, tukakaribishwa, tukauliziana hali za watu wote wa nyumba na wa nyumba zilizotoka humo, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu milango iliyobaki na kuona hatutamaliza hata kwa mwezi. Ndipo akasema, kwa sauti nyingine kabisa, kama ya mtu asomaye barua ya mfalme, "Tumekuja kuwaalika. Mwaalikwa Jumamosi, wewe na watoto, pale chumba cha vitabu. Mwenye shughuli ni huyu binti na mamake."

"Shughuli ya nini?" akauliza mama wa nyumba ile.

"Ya kusoma."

"Maulidi?"

"Vitabu vya watoto. Watoto wasome, wazazi wasikize."

Yule mama akanitazama. "Wewe ndiye mwenyewe?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Inshallah. Saa ngapi?"

Nikafungua mdomo kusema saa nane, nikahisi kisigino cha mwenzangu juu ya vidole vyangu.

"Baada ya alasiri," akasema yeye.

Kichochoroni nilimwambia kwamba tangazo linasema saa nane. Alinijibu kwamba saa nane mtaa mzima umelala, na hakuna mtu wa kuamka kwa ajili ya karatasi. Nikaona sasa shughuli moja ina saa mbili tofauti, na mwenye nyumba wetu anaijua ile iliyokufa. Ilifaa niende Bondeni nikamwambie. Njia nzima nilitunga maneno. Nikimwambia nimebadilisha saa, atafikiri namkimbia. Nikimwambia saa haikubadilika ila watu wamebadilika, atafikiri nimerukwa na akili. Nilifika hadi kwenye kona ya duka lake siku ya Ijumaa, nikaona magunia yamepangwa hadi kibarazani, nikageuka.

Mlango wa mwenye nyumba wetu nilitaka tuuruke. Nilimwomba mwenzangu waziwazi.

"Tukiruka nyumba moja," akasema, "heri tusingetoka. Hao hao ndio watakaosema." Akapiga hodi.

Mkewe alitufungulia, mwanamke mchangamfu mwenye mtoto kiunoni na mwingine nyuma ya nguo. Alisikiliza mwaliko hadi mwisho.

"Mume wangu hajaniambia kitu," akasema.

"Mumeo hakualikwa," akajibu mwenzangu. "Umealikwa wewe."

Jumamosi saa nane mama yangu aliwasili na beseni kubwa la mahamri lililofunikwa leso, akiwa amevaa gauni lake la kwaya ya Pasaka. Akaketi kitini mlangoni, mgongo wima, mikono mapajani, mbele ya kichochoro kisicho na mtu. Mwenzangu alikuwa kwake akijitia asumini. Ndani mlikuwa na watoto wale wale watatu.

Saa nane na nusu mwenye nyumba akatokea.

"Karibu, karibu sana," mama akasema, akasimama. "Keti, mwanangu."

"Ahsante, mama, nimekaribia." Akachungulia ndani. Akaangalia mikeka niliyoitandaza, rafu nilizozifuta vumbi, viti nilivyoviazima. "Nimeona, mwalimu," akasema. Akangoja kidogo. Sasa najua alikuwa akinipa nafasi ya kusema neno, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Mimi nilikuwa bado nalichagua neno lenyewe, na kabla sijalipata akawa ameshapinda kona.

"Huyo nani?" mama akauliza.

"Ndiye mwenye chumba. Alikuja kuona kama watu wapo."

"Na mbona hukumwambia waja baada ya alasiri?"

"Nilidhani hataniamini."

"Ungemwambia. Kutoamini kungekuwa shauri lake."

Niliingia ndani nikapanga upya vitabu ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Adhana ya alasiri ilipita. Kisha kimya, kama robo saa ambayo siwezi kuieleza. Halafu nikasikia sauti ya mama yangu, nyembamba: "Karibuni." Halafu tena, nene kidogo: "Karibuni, karibuni ndani." Walikuja wawili wawili na watoto wamepakwa mafuta mpaka magotini, wakaja wanne wanne, na kila mmoja alisimama mlangoni kumpa mama mkono na kumpongeza kwa shughuli yake, yeye, si mimi, nami nilishukuru Mungu. Viatu vilijaa kizingiti vikamwagika hadi njiani. Jirani yetu, mama wa Kihindi mwenye duka la vifungo, alileta sinia ya bajia za moto. Kisha nikaona nyuso za kwetu: wanawake sita wa kwaya ya mama, kutoka Makupa, kila mmoja na watoto wake.

"Nani aliyewaambia?" nikamnong'oneza mama.

"Nilipita nyumba zao jana," akasema. "Ulidhani wewe ndiwe peke yako wa kualika?"

Waume za watu walikaa kwenye baraza la ng'ambo, mmoja akiwasomea wenzake gazeti, kwa hivyo hata neno "familia" halikuwa uongo.

Kuhusu kusoma kwenyewe, nilikuwa nimeandaa ratiba ya kurasa mbili. Haikufuatwa hata mstari mmoja. Watoto waligombania zamu. Jirani wa vifungo alisoma kitabu cha Kigujarati ambacho hatukukielewa, lakini alipofika kwa nyani alimwigiza nyani, na watoto wakamlazimisha arudie mara tatu. Bibi mmoja alimwomba mjukuu wake asome ukurasa mmoja, kisha akamwomba arudie, akiangalia mdomo wa mtoto badala ya kitabu. Mwenzangu akasema sasa mwenye shughuli asome. Nikashika kitabu, nikawa bado nachagua ukurasa, na mama yangu, aliyekuwa ameingia kuchukua mahamri, akakipokea mkononi mwangu.

Mama hakujua namna nyingine ya kusomea watu ila ile ya kanisani. Alisimama wima, akakohoa, akasema, "Somo letu latoka katika kitabu cha sungura na fisi, ukurasa wa tatu."

Wanawake wa Mji wa Kale walitazamana. Kisha wakaitikia kwa adabu, "Enhe!"

Na mama akasoma. Sungura alipodanganya, wakasema "Enhe!" Fisi alipoanguka kisimani, mwenzangu akapiga kigelegele.

Tulikuwa hapo kisimani tuliposikia magurudumu. Mahamali wawili walikuwa wameleta mkokoteni wa mchele hadi mlangoni, na haukuweza kwenda mbele kwa sababu ya viatu. Mwenzangu akatoka, nami nyuma yake.

"Mwaenda wapi?"

"Bosi amesema tutie magunia humu."

"Humu mna wake za watu. Hamuoni viatu?"

"Mama, sisi tumetumwa."

"Na sisi tumealikwa. Subirini."

Mwanamume hawezi kuingia palipo na shughuli ya wanawake. Mahamali wale walilijua hilo kuliko nilivyolijua mimi. Wakaketi juu ya magunia. Mama akawapelekea mahamri na chai, kwa kuwa wako mlangoni kwake na yeye ndiye mpokeaji, akarudi kusimama karibu na dirisha ili nao wasikie fisi atatokaje.

Fisi alikuwa bado majini mwenye nyumba alipokuja kuuliza kwa nini kazi haijaisha. Alisimama mbele ya viatu vile, akavitazama kwa muda. Kisha mkewe akajitokeza, mtoto kiunoni, mdomo una hamri.

"Bwana, haya nini?"

"Wewe wafanya nini hapa?"

"Nimealikwa. Magunia wataka kuyatia wapi, juu ya kichwa cha mwanao?"

"Nilikuja saa nane na nusu," akasema, "hapakuwa na mtu."

"Saa nane na nusu uliniacha mimi nimelala nyumbani, na wewe ulikuwa walala ukaamka kuja kuangalia watu waliolala." Ndani wanawake wakacheka. Kicheko kilitoka dirishani kikamkuta usoni.

Akanigeukia. "Mwalimu, mbona hukuniambia umealika?"

Nilikuwa na majibu manne. Nikatoa lililokuwa karibu. "Niliogopa."

Akaona ng'ambo wanaume wa barazani wameliacha gazeti wanamtazama yeye. Akachungulia ndani, mara moja tu kwa heshima, akaondoa macho.

"Basi kaeni," akasema. "Hiki chumba kaeni nacho. Mchele nitautafutia mahali." Kisha akawaambia mahamali, "Rudisheni."

"Kwanza ngoja tusikie fisi," akasema mkewe, na mwenye nyumba akangoja, kichochoroni, mikono nyuma.

Kuugeuza mkokoteni mahali pale ni kazi ya watu sita. Wanaume wa barazani walikuja kusaidia, kila mmoja akitoa amri yake. Walipofanikiwa, hamali mkubwa wa wale wawili alirudi na vikombe. Alimsalimu mama kwa Kirabai, wakaulizana wametoka wapi, kisha akasimama, akifuta mikono kwa shati.

"Nina binti," akaniambia, kwa Kiswahili. "Yuko darasa la pili. Sisi twakaa ng'ambo ya pili ya Makupa, si wa mtaa huu. Wa kwetu wakubaliwa?"

Siku nyingine ningeanza kufikiria umri, na umbali, na sheria ambazo bado hatujaziandika.

"Mlete Jumatatu," nikamwambia, "akitoka shule."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kushika mikono ya mkokoteni. Ndani walikuwa wameshaanza kugombania nani asome sasa.